Sekunde Mbili za Saumu

Usiku wa jana niliota nimewashinda madereva wote wa klabu ya magari, wanaume kwa wanawake. Nisiwafiche: gari langu halikuwa na injini, na wale wengine wote walikuwa wameshakufa.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha jikoni, usukani ni mfuniko wa sufuria, na kiti kinakwenda. Hakuna aliyenishangaa. Pembeni wameketi marehemu kwenye mabenchi yangu ya chai, wamevaa helmeti, kila mmoja ameshika kikombe changu. Mmoja akasema, "Bibi wa chai kapita." Mwenzake akasema, "Kapita kweli." Hawakunipigia makofi, maana mikono ilikuwa na kazi ya vikombe.

Kijana mmoja kati yao akaniamkia, "Shikamoo, bibi."

"Aka," nikamwambia, "wewe umeshatangulia, wewe ndiye mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba," akaitikia, akanywa.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, ni hivi. Watoto wetu hukutana kwenye uwanja wa zamani wa kuanikia mkonge, kwenye shamba lililokufa, nje ya Muheza. Wanapanga koni za plastiki, kisha magari yanapita katikati yake moja moja, mbio, na saa inahesabu. Ukiangusha koni unaongezewa sekunde mbili. Mwenye muda mfupi kuliko wote anapewa kikombe cha bati ambacho hakifai hata kunywea uji. Mwenyekiti wao ni Hoza, mtoto wa marehemu mdogo wangu. Mjukuu wangu Saumu ni dereva, na hasikii la mtu. Mimi napika chai na mihogo, na wakipungukiwa watu wananikabidhi bendera nyekundu, niwasimamishe pakitokea hatari. Wanasema nina macho makali. Macho sina. Nina sauti.

Basi kile kiti kikanipeleka kwa mkaguzi wa magari. Mkaguzi ni helmeti tupu, haina kichwa ndani, imekaa juu ya meza.

"Betri imefungwa?" inauliza.

"Sina betri, baba."

Ikaruka ikanigonga kifuani. "Hii hapa. Na inacheza."

Wakaja watu wasio na nyuso, wakanifunga kifua kwa kamba ya mkonge, wakakaza mpaka nikaona nyota.

"Sasa toa vitu vyote vilivyolegea," ikasema helmeti.

Hiyo ni kanuni kweli. Gari haliingii uwanjani na chupa inayobingirika wala spana chini ya kiti. Sikujua tu kwamba inawahusu na watu. Wakaning'oa meno mawili. Wakanitoa na jina la mume wangu wa kwanza, ambalo mimi mwenyewe nilishalisahau lilipo. Wakavitia kwenye ndoo.

"Kuna kingine kilicholegea?"

"Ulimi."

"Huo uache," ikasema. "Utauhitaji."

Namna ilivyolisema neno hilo sikuipenda.

Nikapita getini, na geti likawa mlango wa darasa. Ndani kuna kikao cha klabu. Koni zimekaa kwenye madawati, wima, zimenyamaza kama watoto wanaosubiri bakora. Hoza amesimama mbele, amevaa sare ya shule ya msingi na ndevu zake.

"Ajenda yetu ni moja," anasema. "Kuboresha mashindano. Mara iliyopita watu walisinzia, wengine wakaondoka kwenda kutazama mpira. Tufanye nini?"

"Tuweke kivuli," ikasema koni moja.

"Tuweke choo," ikasema nyingine.

Mimi nikanyoosha kidole. "Watu wapewe maji. Tena kamba ya watazamaji irudi nyuma, wanasogea mno."

"Kasi," akasema Hoza, kama hakutusikia. "Watu wanataka kasi. Njia ikipindapinda gari halikimbii. Nimechora njia mpya. Mwisho wake unanyooka moja kwa moja, mpaka nyuma ya kile kiwanda cha mkonge."

Koni moja ndogo, imepasuka kichwani, ikauliza, "Umeitembea?"

Hapo koni zote zikamgeukia Hoza. Kwenye klabu ile, mchoraji wa njia ni lazima aitembee yeye kwanza, kwa miguu, kabla hajaweka koni hata moja. Madereva hufuata nyuma yake, nao kwa miguu. Ukiwa garini unaona mbele. Ukiwa kwa miguu unaona chini. Hawana ibada nyingine, lakini hiyo wanaishika.

"Nimeitembea," akasema Hoza.

Darasa zima likanuka mpira ulioungua.

"Wanaokubali?"

Marehemu walikuwa wamejazana madirishani. Wakanyanyua vikombe.

"Ninyi hamna kura!" nikawaambia.

"Sisi ndio wengi, bibi," wakajibu, kwa adabu kabisa.

Ubao ukafunguka, nikajikuta uwanjani, kiti kinakwenda mbio na mimi sijakikanyaga popote. Jua halipo lakini kuna joto. Nakata kushoto, nakata kulia. Naigonga koni. Inaanguka.

"Ala!" inasema.

"Pole, mwanangu."

"Pole ya nini? Ni mbili."

Ikaja Saa. Saa ilikuwa mwanamke mrefu, uso wake mviringo wa kioo, amejitwika kikapu. Akakitua mbele yangu.

"Sekunde mbili," akasema.

"Dada yangu, nitazitoa wapi? Mimi mzee. Nilizobakiwa nazo nazitumia mwenyewe."

"Zako zimechakaa, hatuzipokei. Tunachukua za ukoo."

"Za nani?"

"Saumu."

Nikacheka. Nilidhani ni utani, nami utani naujua. Yeye hakucheka.

"Zipi?" nikauliza.

Akaingiza mkono kikapuni, akanionyesha. Zilikuwa mbili, ndogo, nyeupe, zina unyevu, kama mayai ya mjusi. "Hizi. Za kukanyaga breki. Kesho, mwisho wa njia."

Nikabembeleza. Mimi nimebembeleza wadai, waganga na waume, najua kazi hiyo. Nikamwambia, chukua za kucheka kwake, anazo nyingi. Akasema nyepesi. Nikamwambia, chukua za usingizi. Akasema hizo hazina soko. Nikamwambia, basi chukua mwaka wangu mzima, chakavu hivyo hivyo, uzito si utafika?

"Kanuni ni sekunde mbili," akasema Saa. "Hatumwonei mtu."

Akajitwika kikapu akaondoka zake.

Nikaikumbuka bendera. Iko mkononi, sijui nani kanipa. Naiinua. Kila kitu kinasimama. Moshi wa jiko langu unasimama. Mwewe anasimama angani. Marehemu wamesimama na chai imebaki kooni. Moyo wangu nao unasimama ndani ya ile kamba, na mimi nausikia ulivyonyamaza.

Lakini nyuma ya kiwanda kuna gari linanguruma. Hilo halikusimama. Nikalijua kwa sauti, ni kigari cha Saumu, bomba lake la moshi lina kikohozi.

"Mbona halisimami?" nikaiuliza ile koni niliyoiangusha.

"Bendera humsimamisha anayeiona, bibi. Wewe umewekwa huku. Yeye atapita kule."

"Nani kaniweka huku?"

"Aliyechora."

"Na kule kuna nini?"

"Mimi wa huku, nitajuaje? Muulize wa mwisho. Ila uende kwa miguu."

Nikashuka kitini. Natembea. Njia inapita jikoni kwangu, maharage yanaungua, siwezi kusimama. Inapita wodini, wagonjwa wamelala kati ya koni, nawaruka, nawaomba radhi. Inapita kwenye kaburi la mdogo wangu, mama yake Hoza. Ameketi juu yake anachambua mchele.

"Dada, unakwenda wapi na kanga ya kulalia?"

"Nakwenda kutazama kazi ya mwanao."

"Mwanangu hasemi uongo," akasema. Kisha akachambua kidogo, akaongeza, "Mara nyingi."

Nikaingia kwenye nyasi. Zimenifika magotini, zinanishika kanga kama watoto wanaoomba. Nikaikuta koni ya mwisho imelala ubavu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona umelala?"

"Ndivyo nilivyofika. Nilidondoshwa dirishani. Gari halikusimama."

"Nani kakudondosha?"

"Mwenyekiti. Alikuwa anaongea na simu."

"Hakushuka hata kidogo?"

"Hata mlango hakufungua."

"Na nyuma yako kuna nini?"

"Tazama mwenyewe, bibi. Wewe ndiye wa kwanza kuja kwa miguu."

Nyuma yake nyasi zimesimama vizuri, sawasawa, kama zulia la arusi. Nikazipanua kwa mikono. Chini yake hamna chini. Ni shimo la kale, walilokuwa wakimwagia makapi ya mkonge enzi za kiwanda, refu, na maji yake meusi. Humo ndani limewekwa benchi langu. Marehemu wameketi wamebanana, wameacha nafasi moja katikati. Wameipangusa. Mbele yake kikombe kimefunikwa na kisahani, asiingie nzi.

"Mmemwekea nani?" nikauliza.

Wakaangaliana, kama watu wanaosukumiana habari ya msiba.

"Bibi," akasema yule kijana aliyeniamkia, "yeye anakunywa na sukari au bila sukari?"

Na gari linakuja. Nalisikia linanyooka. Nikafungua mdomo nipige kelele, mdomo ukatoa mvuke wa birika. Nikafungua tena. Mvuke. Saumu anapita, namwona, uso wake ndani ya helmeti unacheka, mguu wake unatafuta breki kwa sekunde ambazo hanazo.

Nikaamka.

Kumekucha. Komeo la mlango liko mahali pake, kama nilivyolifunga. Nikaketi kitandani, nikapapasa meno yangu, yote niliyolala nayo yapo. Nikajicheka. Nikajisemea, mwanamke wewe, acha kula mihogo jioni.

Nikatoka uani. Hoza amekuja kubeba chupa za chai, amekaa kwenye kigoda anakunywa ya kwanza. Saumu anafunga kamba za viatu, helmeti iko pembeni yake, anaimba.

"Shikamoo, mama mkubwa," akasema Hoza.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo njia yenu mpya umeitembea?"

Akacheka. "Mama mkubwa nawe! Natoka huko sasa hivi. Nimeitembea yote, kwa miguu."

"Mpaka nyuma ya kiwanda?"

"Mpaka nyuma ya kiwanda. Koni ya mwisho nimeisimamisha kwa mkono huu unaouona."

"Na zile nyasi?"

"Nimepita katikati yake. Pako safi, pamenyooka, hapana hata kijiwe."

"Umepita na suruali hiyo?"

"Hii hii. Nyumbani sijarudi. Kwani vipi leo, umekuwa polisi?"

"Bibi," akasema Saumu, "mbona unajikuna?"

Kweli nilikuwa najikuna. Nikainama kutazama muundi. Pindo la kanga niliyolala nayo lilikuwa jeusi kwa kishona nguo, vile vijisindano vya majani, vimejipanga kuzunguka mwili kama nakshi. Ua wetu nimeufagia mwenyewe, hauna unyasi hata mmoja. Lakini nyuma ya kiwanda, msimu huu, hapaoti kitu kingine. Mbuzi akipita huko anarudi amevaa koti.

Nikachomoa kimoja, nikakiweka kwenye kisahani cha Hoza, karibu na kijiko.

Hoza akakitazama. Kisha akatazama suruali yake. Ilikuwa ya kaki, imepigwa pasi, mkunjo umesimama kama makali ya kisu, na haikuwa na kitu.

Saumu aliacha kuimba. Alikuwa anaitazama suruali ile ile.

"Labda vimedondoka njiani," akasema Hoza.

Kishona nguo hakidondoki, hata mtoto wa chekechea analijua hilo. Hung'olewa kimoja kimoja, na asubuhi nzima inaishia hapo.

Saumu akaisukuma helmeti kando kwa mguu, akasimama.

"Mjomba," akasema taratibu, "hebu geuka tuone na nyuma."

Hoza hakugeuka.