Utando Uliogeuzwa Mara Mbili

Gundi na mkewe walikuwa wamenuniana tangu asubuhi, kisa mwavuli ambao Gundi aliusahau dukani. Mambo ya watu wazima hayo. Walifika maabara kama wageni waliokutana mlangoni, kila mtu akashika lake.

Kazi ya Gundi, iliyompa jina hilo, ilikuwa kubandua jiwe linalong'aa kwa utepe wa gundi, tabaka baada ya tabaka, mpaka abaki na utando wa tabaka moja usioonekana kwa macho, kisha kuulaza kwenye kipande cha plastiki angavu. Mkewe alikipinda kipande hicho kwa skrubu. Plastiki ikibinuka, utando ulio juu yake hunyooshwa, elektroni zake huruka kwa nguvu pungufu, na mwanga unaotoka husogea kuelekea wekundu. Walitaka kuuona mwendo huo tu. Utando usio na kasoro ulikuwa umebaki mmoja tu, na kesho yake chombo cha kupimia mwanga kilikuwa kinakwenda kwa wengine, mwaka mzima.

Mke akakaza skrubu, roho mkononi. Mstari kwenye skrini ukasogea upande wa buluu. Akakaza tena, buluu ikazidi.

Akajua ameuharibu. Kilichomuuma hasa ni mume wake, aliyeinamia utepe miezi yote hiyo huku mgongo ukimsumbua. Alimpenda mno, mwavuli au bila mwavuli. Akameza kiburi, akamwita.

Gundi akatazama, akakuna kichwa, akakiri kwamba huenda kosa ni lake. Siku zote humpa kipande utando ukiwa chini, vumbi lisiuguse, naye mkewe hukigeuza. Leo, kwa kuwa kuomba radhi kwa mdomo kulimshinda, alikigeuza mwenyewe ili ampunguzie kazi.

"Na mimi nikakigeuza," mke akasema.

Kumbe utando ulikuwa chini, plastiki ikiubana badala ya kuuvuta. Wakacheka hadi wakashika meza. Wakalegeza skrubu, wakakigeuza kwa mikono minne, wakakaza upya. Mstari ukaenda kwenye wekundu kama mtoto aliyeitwa na mama yake. Sasa walikuwa na majibu mawili, la kubanwa na la kuvutwa, wakati waliomba moja.

Gundi akafuta macho. "Nilidhani nimekupotezea mwaka."

"Mwaka mwingine ungekuja," mkewe akamwambia, akimshika bega. "Gundi mwingine ningempata wapi?"