Abiria wa Daka la Bi Mwanamkisi

Mgeni alitoka ndani ya stoo ya mchele, isiyo na mlango wa nje, siku ya Jumatano asubuhi, wakati Rawiya ameketi sakafuni na kompyuta mapajani, akijaribu kwa mara nyingine kumkatia mama yake tiketi ya Punta Arenas. Alikuwa mwanamume mrefu, amevaa soksi bila viatu, akiburura mkoba ambao gurudumu lake moja lilikuwa likilia. Alizitazama zidaka, zile safu za vijumba vya chokaa ukutani ambamo Mama alipanga sahani zake za kale, kisha akauliza kwa Kiingereza kama hapa ndipo wanaposubiri abiria wa kuunganisha ndege.

"Abiria husubiri nje, dakani," Rawiya alimjibu. "Vuka ua, utaona mabaraza mawili ya mawe kabla ya mlango mkubwa. Kaa upande wenye kivuli."

Mgeni alishukuru, akapita na gurudumu lake.

"Nani huyo?" Bi Mwanamkisi aliuliza kutoka jikoni.

"Abiria."

"Amekula?"

"Sijamuuliza, Mama."

"Mtu ametoka ndiani, nawe humuulizi!" Bi Mwanamkisi alisema, akaongeza mchele kwenye sufuria.

Rawiya alirudi kwenye kompyuta. Kaka yake Idarus alikuwa mpishi katika meli ya mizigo. Meli hiyo ilimshusha Punta Arenas, kusini kabisa mwa Chile, figo zake zilipokataa kufanya kazi, halafu ikaendelea na safari. Daktari wa huko aliandika kwamba anayetaka kumwona asikawie. Viza ya Chile ilikuwa imepatikana. Kilichobaki kilikuwa njia tu.

Na njia ilikuwa ya vipande: Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, hadi Nairobi, Nairobi hadi Addis, Addis hadi ng'ambo ya Atlantiki, kutoka hapo hadi Santiago, kisha Punta Arenas. Kila kipande kilikuwa na shirika lake la ndege, na mashirika hayo hayakuwa yakijuana. Kwa hiyo kwenye kituo cha katikati Mama angelazimika kutoka nje, achukue begi lake, aanze foleni upya kama mtu ambaye hajawahi kusafiri. Kutoka nje kulitaka viza ya kupitia. Ubalozi ulisema hautoi viza mpaka uone tiketi ya mbele iliyothibitishwa. Shirika lenye tiketi ya mbele lilisema halithibitishi mpaka lione viza. Rawiya aliwaandikia wote wawili, kwa adabu, akiwaeleza kwamba kila mmoja anamngoja mwenzake. Alikuwa amemaliza chuo mwaka uliopita, na bado aliamini kwamba jambo lililotungwa na watu linaweza kueleweka na watu. Walimjibu kwa haraka, kwa maneno yale yale.

Siku ya pili waliingia wengine: mume na mke wazee waliokosa ndege kwa sababu ya ukungu, vijana watatu wenye mbao za kutelezea mawimbini, mwanamke mmoja aliyekuwa akilia kwa sababu ya mbwa wake aliyepelekwa mji mwingine. Wote walitokea stoo, wakaelekezwa dakani. Adhuhuri sauti ya mwanamke, laini na yenye heshima, ilisikika ndani ya zidaka ikitangaza ndege, na sahani zikatetemeka kidogo. Walioitwa walinyanyua mikoba yao, wakaingia stoo, wakafunga mlango, hawakuonekana tena.

Bwana Jeilani, jirani wa mlango wa pili, alikuja kuketi barazani kwake ili aone vizuri.

"Rawiya! Mumeuhamisha uwanja wa Manda mukauleta mtaani bila kutwambia?"

"Umekuja wenyewe, Ami."

"Basi watozeni kodi ya uwanja. Na sisi majirani tupate angalau soda."

"Jeilani," Bi Mwanamkisi alisema kutoka ndani, "wewe waketi hapo miaka yote na kahawa yangu mkononi. Nimekutoza nini?"

Bwana Jeilani alicheka, akanyoosha kikombe kiongezwe.

Hakuna abiria aliyeulizwa viza. Waliulizwa kama wanatumia sukari. Walitandikiwa mikeka ya Kipungani, wakaonyeshwa choo na upande wa kibla, maana kati yao wamo waliouhitaji. Walikunywa kahawa ya tangawizi wakilalamika kwamba safari zimekuwa ngumu siku hizi.

Jioni ile, sauti ilipotangaza ndege ya Santiago, Rawiya alimshika mama yake mkono na kumtanguliza stoo, pasipoti ikiwa wazi kwenye ukurasa wa viza. Walikuta magunia ya mchele, kibaba, fagio la chelewa na paka. Walisimama kidogo, kisha Bi Mwanamkisi akapima mchele wa chakula cha usiku, kwa kuwa alikuwa ameshafika.

Lakini Rawiya aligundua jambo. Yule mke mzee alipoitwa alibeba kimakosa kadi ya kupandia ya mumewe, na mlango ukampitisha. Ilibidi mumewe apite na kadi ya mkewe. Mlango ulitazama karatasi. Haukutazama sura.

Ijumaa, baada ya pilau ya mchana, yule mgeni wa kwanza alimwendea Rawiya. Jina lake lilikuwa Joost, ambalo Bi Mwanamkisi alilitamka Yusufu, naye akaliitikia. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema hajalala vizuri tangu Amsterdam. Ndege yake inaweza kuitwa wakati wowote, na inaitwa mara moja tu.

"Nikikuachia kadi yangu, utaniamsha?"

"Nitakuamsha," Rawiya alisema, kama mtu anavyomwambia mgeni yeyote.

Akaipokea kadi. Joost alijilaza mkekani, akaweka soksi moja juu ya nyingine, akalala papo hapo. Ndipo Rawiya akaisoma. Ilikuwa ya Punta Arenas. Haikuwa na kituo hata kimoja katikati. Alikumbuka kwamba Joost alikuwa amemsimulia Bwana Jeilani safari yake. Alikuwa anakwenda kuwatazama pengwini.

Simu yake ilikuwa na ujumbe wa Idarus wa asubuhi: *Mumefikia wapi?* Alikuwa bado hajaujibu.

Sauti iliita alasiri. Sahani zilitetemeka. Kwa mara ya kwanza mlango wa stoo ulifunguka wenyewe, na ubaridi ukatoka, ubaridi wa aina ambayo haijawahi kufika Lamu, ukatambaa uani mpaka miguuni mwa Rawiya.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Vaa buibui. Chukua begi."

Begi lilikuwa tayari tangu viza ilipotoka. Bi Mwanamkisi alikuja amevaa, ana sweta la Idarus la shule juu ya buibui, na kopo la halua mkononi. Rawiya alimpa ile kadi. Bi Mwanamkisi aliutazama mlango, akatazama kadi, kisha akamtazama mtu aliyelala mkekani.

"Hii ni ya Yusufu."

"Atapata nyingine, Mama. Watu hawa hawakosi ndege ya pili. Akiamka atawapigia simu, watamwomba radhi, watampa chumba cha hoteli. Pengwini hawaendi popote."

"Ulimwambia utamwamsha?"

Rawiya alilinyanyua begi.

"Mwanangu, nakuuliza. Ulimwambia?"

"Idarus anatungoja, Mama!"

"Najua anayeningoja. Mimi ndimi niliyemzaa." Bi Mwanamkisi aliketi ukingoni mwa baraza. "Sikwambii umwamshe wala usimwamshe. Mimi sikumwahidi kitu. Nakuuliza tu kama ulimwambia."

Sauti ilisema kwamba huu ni mwito wa mwisho. Ilisema kwa upole, kama ilivyosema siku zote.

"Nilimwambia," Rawiya alisema.

Bi Mwanamkisi alianza kufungua vifungo vya sweta, kimoja kimoja, kuanzia juu.

Rawiya alipiga magoti kando ya mkeka. Alimgusa mgeni begani. Hakuamka. Kwa muda mfupi mkono wake ulikaa pale bila kufanya lolote, na hakuna mtu ambaye angemlaumu, hata Bwana Jeilani, aliyekuwa ameacha kunywa kahawa. Kisha akamtikisa.

"Bwana Joost. Ndege yako."

Joost aliruka, akashukuru, akatafuta mkoba, akashukuru tena. Alisema hajawahi kukutana na watu wakarimu kama hawa, na kwamba dunia ingekuwa na watu kama hawa kila uwanja, kusafiri kungekuwa raha. Bi Mwanamkisi alimpa kadi yake, na juu ya kadi akamwekea kopo la halua.

"Mwambie," alimwambia Rawiya afasiri, "mwanangu yuko hospitali ya huko, anaitwa Idarus. Akimkuta, ampe. Asipomkuta, ale yeye. Ndia ni ndefu."

Rawiya alifasiri yote. Joost aliitikia kwa kichwa, kwa uzito, akaingia stoo. Gurudumu lililia, mlango ukafungwa.

Rawiya aliufungua. Magunia, kibaba, fagio, paka. Sakafu ilikuwa bado baridi.

Aliporudi uani, mama yake alikuwa ameshalikunja sweta na kulirudisha begini, na dakani alikuwa ameketi mwanamke mgeni, amechoka, amevua viatu, kadi mkononi. Aliomba radhi kwa usumbufu. Aliuliza kama yupo mtu anayeweza kumwamsha.

Rawiya alimwaga kahawa iliyopoa, akamimina ya moto.

"Nipe hiyo kadi," alisema. Safari hii aliisoma kwanza, kabla ya kuahidi. Kisha akasema atamwamsha.