Rampu ya Mwalimu Gretchen

Gretchen Haugen alikuwa amefundisha fizikia miaka mingi, kwa hiyo hakuona haja ya kumwomba mtu ushauri kuhusu mbao na skrubu. Jumamosi hiyo, gerejini kwake huko Duluth, alikata plaiwudi, akaipinda taratibu juu ya fremu iwe rampu, mteremko wa kurukia na baiskeli, kisha akaipiga msasa mpaka mumewe, Wendell, akauliza kama wanaipeleka harusini.

"Hii ni hesabu tupu," Gretchen akamjibu. "We vuta kiti uone mtu anavyoruka."

Wendell akakaa na kahawa yake. Jirani yao, Arlo, akazima mashine ya kukatia nyasi, akaegemea uzio. Gretchen akavaa helmeti, akapanda baiskeli, akakanyaga pedali kwa nguvu zote, moyoni akijiona yuko angani tayari. Gurudumu la mbele lilipogusa rampu, rampu ikateleza kwenye saruji, ikachomoka, ikaenda kutua kwenye maua ya Arlo. Gretchen na baiskeli wakabaki chini, wamelala ubavu.

"Mwalimu! Umeumia?" Arlo akapiga kelele.

"Heshima tu."

"Ila umeruka?"

"Mimi wapi! Rampu ndiyo imeruka."

Wendell alicheka mpaka akajimwagia kahawa. Gretchen naye akacheka, ingawa goti lilikuwa likiwaka moto. Kila mwaka aliwafundisha watoto wa watu habari za msuguano, na leo hakukumbuka hata kutandika mpira chini ya rampu.

Alasiri akautandika, akaruka kimo cha kiganja. Wendell alilazimishwa kupiga picha tena na tena, maana katika zote magurudumu yalionekana yako chini.