Ngazi Sabini na Mbili

Ziwa la Shichahai likishaganda, Beijing nzima hupandwa na wazimu mzuri. Watu wazima na akili zao hukaa kwenye viti vya chuma, wakajisukuma juu ya barafu kwa fimbo mbili huku wakipiga mayowe. Mimi na mume wangu, Meng Fuhai, hatukukosa msimu hata mmoja kwa miaka thelathini na tisa. Yeye alikuwa akiteleza kinyumenyume, mikono mgongoni, akinichekea.

Mwaka huu tuliitazama baridi dirishani. Kiharusi kilimchukua miguu mwezi wa tisa, nasi tunakaa ghorofa ya tano kwenye jengo lisilo na lifti. Ngazi sabini na mbili. Nimezihesabu nikiwa na kabichi mgongoni. Nashuka sokoni mbio na kurudi mbio, maana nikichelewa anajaribu kusimama peke yake. Mabomba ya joto yanachemka, tunatoka jasho ndani kama mikate, na huko nje watu wanafurahi. Kuna siku nilimchukia, nasema kweli. Kisha nikamhurumia, kisha nikamchukia tena.

Na lifti tungekuwa nayo. Miaka sita iliyopita watu wa ofisi ya mtaa walileta karatasi, kila nyumba iweke sahihi; ikikosekana moja, hakuna lifti. Nyumba kumi na moja ziliweka. Akabaki mume wangu. "Miguu imeumbwa ipande," alisema. Bibi Kou wa ghorofa ya sita alikuja kumsihi mara tatu, pumzi imemkatika, na mara ya tatu alileta sahani ya maandazi ya nyama. Fuhai akayala yote, akakataa. Lifti ikaenda kujengwa jengo la pili. Toka hapo hadi alipofariki, Bibi Kou alishuka siku za hospitali tu, mgongoni kwa mwanawe, Dashan.

Jumapili ilikuwa siku ya mwisho ya barafu kabla haijafungwa. Jumamosi nikamwambia Fuhai, "Nakwenda kumwomba Dashan akubebe."

"Dashan? Afadhali nifie humu."

"Utafia humu, usiwe na haraka. Lakini mimi sijaugua, mzee. Mimi nataka barafu."

Akageukia ukutani. Nikapanda ghorofa ya sita.

Dashan alifungua mlango akiwa na fulana, mswaki mdomoni. Niliomba huku nikitazama viatu vyake. Alisugua meno mpaka nikajuta kuja.

"Kesho saa saba, mama mkubwa," akasema. "Saa nane naingia kazini. Kumpandisha ni hadi nitoke, saa moja jioni. Kiti cha magurudumu cha mama kiko pale chini ya ngazi. Kitumieni."

Kesho yake akambeba. Walipofika ghorofa ya tatu akasimama kupumua. "Wewe mzito, baba mkubwa. Mama alikuwa kama mfuko wa pamba." Fuhai alifumba macho, hakuyafumbua mpaka chini.

Ziwani wahudumu wawili walimhamishia kwenye kiti cha barafu. Pale kila mtu amekaa, basi hakuna aliyejua nani kiwete na nani mzima. Jamaa mmoja mnene akamgonga kwa nyuma.

"We mzee, unaendesha au umelala?"

"Njoo unifukuze, tumbo wewe! Barafu haitalibeba hilo tumbo!"

Wakafukuzana, fimbo zikitifua barafu. Mimi nikavaa viatu vyangu vya kutelezea, nikateleza mpaka upande wa pili, peke yangu, hakuna wa kumkimbilia. Nililia kwa raha. Tukala matunda mekundu ya sukari kwenye kijiti, akanipakaa sukari puani, na kwa saa tatu nilikuwa na mume wangu wa zamani.

Saa kumi na moja na nusu tukawa tumerudi, chini ya ngazi. Mlango wa jengo haufungi vizuri, upepo unapenya. Watu wa ghorofa ya pili wakapita, wakatusalimu, wakapanda. Wa ghorofa ya nne nao wakapita. "Poleni," wakasema.

Fuhai akapapasa mto wa kiti cha magurudumu alichokalia, wa maua, umechakaa katikati.

"Bibi Kou alikuwa akingoja hapa?"

"Hapahapa."

"Muda gani?"

"Mpaka mwanawe atoke kazini."

Akatazama ngazi. "Nilikuwa nampita," akasema. "Natoka barafuni, viatu begani. Nilikuwa namwambia pole, halafu napanda."

Siku zile mimi nilikuwa nyuma yake, na viatu vyangu begani. Nikamfunika miguu kwa koti langu, nikakaa kwenye ngazi ya kwanza.