Nyumba Iliyosema Karibu

Jumatatu alasiri, mke wa kinyozi alikuwa nyuma ya nyumba akikung'uta mataulo ya kazini kwa mumewe, nywele za watu zikipeperuka na kumwingia machoni, wifi yake alipofika na daftari jipya lenye jalada la kijani. Wifi huyo, mdogo wa mwisho wa kinyozi, alikuwa muuguzi, na alikuwa na mazoea ya kuona uchovu wa mtu kabla mwenyewe hajaujua.

"Kila asubuhi, wifi, kabla hujashika kazi, andika mambo mawili matatu unayoyashukuru. Wagonjwa wetu wanafanya hivyo na wanalala vizuri."

"Mbona mimi nalala vizuri."

"Unalala kama gunia. Huko siko kulala vizuri."

Akalipokea, maana kumkatalia wifi huyu ilikuwa kazi kuliko kufua. Siku za mwanzo alisahau, akakumbuka jua likizama, akaandika mbiombio: Maji yametoka. Hakuna aliyeumwa. Kisha akaacha kabisa. Wifi alipokuja kuuliza na kupewa visingizio, alilichukua daftari akalitia ndani ya sufuria ya chai na kufunika.

"Sasa chai ya nyumba hii haipikwi hujaandika," alisema.

Kesho yake mke wa kinyozi alilitoa daftari, akakaa kwenye kigoda, akaandika neno la kwanza lililomjia: Naishukuru sufuria hii, haijawahi kuniunguzia maziwa.

"Karibu," ikajibu sufuria.

Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayezungumza huku usingizi unamchukua. Mke wa kinyozi akaitia maji na kuibandika motoni. Ilipokaribia kuchemka, ikasema, "Nami ahsante. Ulinisugua ule ukoko mweusi, wenzangu wakadhani nimenunuliwa mpya."

"Haya," alisema, akatafuta majani ya chai.

Tangu hapo kila alichokiandika kilijibu. Mlango ulisema haina neno, ukamshukuru kwa mafuta ya bawaba. Dirisha lilisema tupo pamoja. Ndoo, ambayo ilikuwa na adabu za kizamani, ilisema wala usitaje, bibi. Kila kimoja kikishakaribisha kilinyamaza kidogo, kama kinachovuta pumzi, kisha kikarudisha shukrani yake, na hakuna kilichokosea. Vilikumbuka mambo ambayo yeye mwenyewe alikwisha kuyasahau: kiraka, msumari, kitambaa chenye maji ya vuguvugu.

Akaanza kuamka bila kuitwa. Alikaa jikoni katika mwanga ule wa rangi ya maziwa, kalamu mkononi, na nyumba ikamnong'onea pande zote kama watu wengi walio mbali wanaozungumza kwa furaha. Majirani walidhani ni mvua, wakaanua nguo.

"Mkwe wangu," alisema mama wa kinyozi kutoka chumbani mwake, "hebu iambie ndoo ipunguze sauti. Nasinzia."

"Nitaiambia, mama."

Binti wa nyumba, aliyekuwa akifanya mazoezi yake ya hesabu sebuleni, aliziba masikio kwa vidole na kuendelea kuhesabu. Kinyozi alisema tu kwamba chai siku hizi inachelewa.

Asubuhi moja mke aliandika: Nakishukuru kiti cha kunyolea, kinatulisha. Hakusikia kitu, maana kibanda cha mumewe kilikuwa ng'ambo ya barabara. Lakini huko, mwalimu mkuu akiwa amekaa na povu nusu ya kidevu, kiti kilisema, "Karibu, mama." Kikanyamaza. Kisha kikasema, "Nami ahsante kwa cherehani."

"Cherehani gani?" aliuliza mwalimu mkuu.

Kiti hakikuwa na siri. Kwa sauti yake ya ngozi iliyochakaa kilieleza kwamba mke wa kinyozi alikuwa fundi, akishona magauni ya maharusi, na wateja wakitoka mitaa ya mbali kumfuata. Kwamba kinyozi siku hizo alinyolea watu barazani kwa wenyewe akifukuzwa huku na huku. Na kwamba siku cherehani ilipouzwa ndipo kiti kiliponunuliwa. Kinyozi alikuwa akiwaambia wateja wote, tangu kibanda kifunguliwe, kwamba kiti hicho ni jasho lake mwenyewe.

"Kumbe," alisema mwalimu mkuu. "Angalia sikio hapo."

Jioni kinyozi alirudi, mkewe akamletea maji ya kunawa.

"Kile kiti kimeanza maneno," alisema.

"Kimesema nini?"

"Mambo ya nyumbani. Mtu amekuja kunyolewa, hakuja kusimuliwa."

"Kimesema uongo?"

Kinyozi alinawa taratibu mpaka kwenye viwiko.

"Sijasema kimesema uongo, mama watoto. Nimesema mtu amekuja kunyolewa."

Wakati wa chakula binti alimtazama mama yake, ambaye vidole vyake vilikuwa vikisogea juu ya meza, polepole, kama vinavyosukuma kitambaa mbele.

"Mama, unafanya nini?"

"Hakuna."

"Mwalimu mkuu ameniambia ulikuwa fundi. Sikujua."

"Ilikuwa kabla yako," alisema, akaficha mikono mapajani. Huko nako ikaendelea kusogea.

Kinyozi alikifunika kiti kwa blanketi, kiti kikasemea ndani ya blanketi. Akafungulia redio, kiti kikangoja taarifa ya habari iishe. Wateja wakazoea. Mgeni akiingia, kinyozi husema ni jasho lake, kiti humsahihisha, na mgeni huombwa ainamishe kichwa.

"Kaka umeshamwandika?" wifi aliuliza siku moja.

"Sijamfikia."

"Mfikie basi."

Alfajiri ya siku iliyofuata alifikiri kwa muda, kwa sababu hakutaka kuandika lisilo la kweli. Kisha akaandika: Namshukuru mume wangu, aliyembeba mtoto mgongoni mpaka hospitali mafuriko yalipokata barabara.

"Karibu," kinyozi akasema usingizini.

Ilikuwa sauti laini, ambayo hakuwa ameisikia tangu uchumba wao. Nyumba nzima ikanyamaza, hata ndoo. Mke aliweka kalamu chini, akaenda kusimama mlangoni mwa chumba cha kulala. Mwanga ulipanda ukutani, ukashuka, ukaifikia miguu ya mumewe. Midomo yake ilicheza. Alingoja. Vitu vyote vilingoja pamoja naye.

Kinyozi akafumbua macho.

"Shati langu la buluu liko wapi?"

"Kwenye msumari."

Akamtungulia. Lilikuwa miongoni mwa vitu alivyoviandika juma lile. Kinyozi alilivaa, akakaa kitandani kulifunga, na alipofika kifuani shati likasema, likiwa mwilini mwake, ahsante mama kwa kifungo hiki, nilidhani utaniacha wazi.

Kinyozi akangoja limalize, kisha akauliza kama chai iko tayari.