Mbweha wa Bwana Fothergill

Jumamosi, tarehe 14 Februari 1959. Asubuhi ile mvua iliyochanganyika na theluji ilipiga madirisha ya ukumbi wa kanisa kijijini Reeth, kaskazini mwa Uingereza, na wanachama wa Shirikisho la Wachunguzi wa Viumbe wa Mabonde walikung'uta makoti yao mlangoni.

Dorcas Raistrick aliketi safu ya nyuma, jarida la Shirikisho likiwa magotini. Alikuwa ameisoma habari yenyewe mara tatu, na mara ya tatu alimwomba Mungu ampunguzie hasira. Hakupunguziwa. Jarida lilisema kuwa Mwenyekiti, Bwana Lionel Fothergill, amepata mbweha mwekundu wa futi tano. Kwamba mbweha wa milimani huwazidi wa tambarare kwa theluthi nzima. Na kwamba orodha ya zamani, "iliyoandikwa na mtega fuko asiye na elimu," itafutwa leo kwa kura.

Orodha hiyo ilikuwa ya Dorcas, aliyeishi kwa kuwatega fuko, wale wanyama wadogo wanaochimbua mashamba. Miaka kumi na tano, mbweha sitini na wawili, kila mmoja amepimwa mwili kabla hajapoa, na fuvu baada ya kuchunwa. Wa milimani waliwazidi wenzao kwa upana wa kidole tu. Mkubwa kuliko wote hakufika futi nne.

"Shoga, leo wanakuzika," alinong'ona Nellie Sunter, mpika chai, akimpa kikombe.

"Hao? Hata jembe hawajui kulishika."

Fothergill alisimamisha ubao mbele ya watu. Ngozi ya mbweha ilikuwa imepigiliwa misumari juu yake, kuanzia pua hadi mkia.

"Mabibi na mabwana, simba wetu!"

Watu wakapiga makofi. Akaeleza habari za baridi na ukubwa wa wanyama, akanyunyiza Kilatini, akajipangusa mdomo kama aliyetoka kula.

Dorcas akasimama. "Bwana Mwenyekiti, ulimpima lini?"

"Jumapili moja ya Januari, mama. Kwa mkono wangu."

"Akiwa hapo ubaoni?"

"Ulitaka nimpime akikimbia?"

Ukumbi ukacheka. Dorcas akaenda mbele bila haraka. Alikuwa akipigilia ngozi za fuko tangu ana miaka minane. Kila mtega fuko wa bondeni huivuta ngozi mbichi anapoipigilia, maana wanunuzi hupenda ngozi pana. Akagusa tundu la msumari puani.

"Msumari ni wa mviringo, tundu limerefuka kama haragwe. Mlinzi wako wa mawindo, aliyekuchunia huyu, amemvuta kama soksi, nawe ukaipima soksi."

"Hayo ni maneno ya wanawake wa fuko," alisema Fothergill.

"Haya. Fuvu lake liko wapi?"

Lilikuwa mezani pake, limekandamiza karatasi za hotuba. Dorcas akalichukua, akalipuliza vumbi, kisha akampa mfugaji wa safu ya mbele, Bwana Alderson, pamoja na chuma cha kupimia alichokuja nacho, asije akaambiwa amedanganya.

"Soma wewe."

"Inchi tano na robo tatu."

"Na madume kwenye orodha yangu?"

Alderson akapitisha kidole kwenye karatasi aliyopewa na Dorcas. "Tano na nusu, tano na robo tatu, sita... Lo! Bwana Mwenyekiti, simba wako ni mbweha kama mbweha wengine!"

"Fuvu halivutiki kwa misumari, Bwana Fothergill," alisema Dorcas. "Lingevutika, ningekushauri ujaribu la kwako."

Kicheko kilichofuata kilimgeuza Mwenyekiti kuwa mwekundu kuliko ngozi ya mbweha wake. Akakusanya karatasi. "Suala hili tutalitazama," alisema chini chini.

"Hatusikii huku kwenye birika!" Nellie akapaza sauti.

"Orodha ifutwe au isifutwe?" Alderson akauliza. "Sema, bwana, chai inapoa."

Hakuna aliyeinua mkono kuifuta. Fothergill akatazama nyuso zile zote, akavua miwani.

"Naahidi mbele yenu nyote," alisema, safari hii kwa sauti, "jarida la Machi, ukurasa wa kwanza, litachapisha orodha nzima ya Bi. Dorcas Raistrick kwa jina lake. Na chini yake, kosa langu, kwa jina langu."