Uhaba wa Watu wa Redioni

Mama mkwe wangu, Bi Mwamina, ana mahali pake pa kuliweka neno uhaba. Kuna uhaba wa mvua, uhaba wa walimu, uhaba wa salfa ya kupulizia mikorosho. Uhaba wa chakula ni wa watu wa redioni. Nyumba yake haina uhaba. Ina mgeni au haina mgeni.

Basi Bwana Mikidadi, afisa aliyetumwa kuandika kaya za kupewa mahindi mpaka mavuno, alipofika kwetu Lionja mwezi wa pili, mimi nilishakata shauri kwamba nitasema. Ndooni mlibaki unga wa siku moja, na nina watoto watatu.

"Mgeni hatajiwi njaa kabla hajala," mama mkwe akaninong'oneza. "Songa ugali, Ashura."

Nikadhani akishakula atatajiwa. Nikausonga unga wote, nikapakua na kisamvu kwa hasira.

Mikidadi alikula vizuri. Alikuwa ametembea tangu asubuhi, simlaumu. Sahani ilipokaribia kwisha, mama akaniita: "Muongeze mgeni."

Kilichobaki sufuriani kilikuwa fungu la watoto. Ningesema umekwisha, afisa angeelewa na angeandika. Lakini umwambie mama mkwe umekwisha, mbele ya mgeni mwanamume? Kwetu hilo ni la kurudishwa kwa wazazi wako ukafundwe upya. Nikampakulia.

Akala, akanawa, akafungua daftari. "Haya mama, hapa mna uhaba wa chakula?"

"Alhamdulillahi, hatuna."

"Na wewe dada, unasemaje?"

Alikuwa anatabasamu, shibe imemkaa usoni. Nani angeniamini, na ugali wangu uko tumboni mwake? Mama hakunitazama. Nilitamani kulia.

"Kama alivyosema mama," nikajibu.

Akaandika, akashukuru sana, akaelekea kwa jirani yetu Dafrosa. Asubuhi ile ile Dafrosa alikuja kwangu kuomba unga nikamnyima. Sasa moshi ulikuwa unapanda jikoni kwake, sijui unga aliupata wapi.

Watoto wakarudi kutoka shule, wakafunua sufuria, wakaifunika. Wakamtazama bibi yao. Bi Mwamina akawavuta karibu, akawakalisha mkekani.

"Wajukuu zangu," akasema polepole, "leo kuna uhaba kidogo."